Saa Tatu Kasoro Dakika Tano

Kraków, 28 Agosti 2016

Ludka mwanangu,

Mimi mzima. Magoti yanalia, masikio yamekwisha, na paka wa Bi Genowefa bado anakuja kujisaidia kwenye maua ya marehemu mama yako pale roshani. Nimemrushia kandambili mara mbili, na mara zote mbili kandambili imeanguka chini mtaani na nimelazimika kuteremka ghorofa nne kuifuata.

Simu yako ya Jumapili niliisikia ikilia, ila wewe sikukusikia. Miaka thelathini na saba ya kuendesha tramu kwenye reli za mji na kupiga kengele yake imenila masikio, na wewe unaongea kama mtu aliyejificha kabatini. Niandikie barua. Barua hainilazimishi kupiga kelele "Nani?" mpaka majirani waitikie.

Sasa nisikilize. Nilikwenda maktaba ya mtaa, binti wa pale akanifungulia ratiba ya ndege. Kutoka Kraków hadi Dublin ni kilomita elfu moja mia nane na thelathini. Ndege inaondoka hapa saa tisa kasoro dakika kumi mchana, inatua kwenu saa kumi na moja kasorobo. Saa mbili tu kasoro dakika tano! Nikamwambia anionyeshe na ya kurudi. Inaondoka kwenu saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, inatua hapa saa nane na dakika ishirini mchana. Saa nne kasoro dakika tano. Nikamwambia, "Ala! Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini watoto wetu wanaondoka mbio na hawarudi. Kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima." Akacheka, akaanza kunieleza kwamba saa za Dublin ziko nyuma kwa saa moja. Kana kwamba mimi sijui. Nimeishi na ratiba tangu mama yake hajazaliwa.

Basi ukiiweka hiyo saa mahali pake, kwenda ni saa tatu kasoro dakika tano, na kurudi ni hivyo hivyo. Ni muda wa mimi kutoka bohari ya tramu hadi mwisho wa njia, kurudi, na kunywa chai na kipande cha mkate. Na wewe tangu mama yako azikwe, miaka sita na miezi minne, hujakanyaga hapa.

Njoo Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, tuwashe mishumaa makaburini kama watu wote. Kaburi la mama yako ni safi, hutaaibika. Bi Genowefa wa ghorofa ya pili kila mwaka ananitangulia, nikifika nakuta mshumaa kwenye kioo cha buluu umeshawashwa, mzuri kuliko wangu. Mwaka wa kwanza nilimwambia asante kwa kumkumbuka Apolonia wangu, akainamisha macho, akaona haya. Tangu hapo kila Novemba nampelekea keki ya plamu. Mjane yule ana moyo kuliko watoto wa watu wengine.

Penye nia pana njia, na njia yenyewe nimeshakupimia.

Baba yako,
Walenty


Dublin, 9 Septemba 2016

Shikamoo Baba,

Barua nimeipata na kandambili nimezicheka. Mwache paka, Mama alikuwa akimpa maziwa ukiwa kazini.

Watakatifu Wote siwezi. Hoteli imejaa mpaka Desemba, na sisi wa chumba cha kufulia likizo zetu zilishagawanywa tangu Machi. Bi Noreen, msimamizi wetu, anazo kwenye karatasi ukutani, na karatasi ile haibembelezeki. Na hizo saa zako tatu kasoro, Baba, ni za ndege tu. Hujahesabu basi la kwenda uwanjani, foleni, kuvua viatu na mkanda mbele za watu, kungoja, halafu basi jingine huko. Ni siku nzima.

Nina habari ya kuhuzunisha. Wioletta wa Radom, tuliyekuwa tunakunja naye mashuka, alianguka Alhamisi ya wiki iliyopita akafa. Tulimzika watu wanne. Padri alilitamka jina lake vibaya mpaka likawa la mtu mwingine, na ulipofika wakati wa wimbo wa mwisho tulitazamana, hakuna aliyejua anaupenda upi. Nilirudi chumbani nikashindwa kula. Nikawaza, nikianguka mimi kesho kati ya mashine, nitalazwa wapi, na kando ya nani? Sitaki kulala kwenye udongo usionijua.

Usinijibu hilo. Ni uchovu tu.

Mwanao,
Ludka


Kraków, 18 Septemba 2016

Ludka,

Habari za likizo nimezipita kama kituo kisicho na abiria. Pole kwa mwenzako. Nimemwombea misa, na jina lake nimemtamkia padri mara tatu ili asikosee.

Nijibu mambo mawili. Kwanza, kwenye karatasi zako wewe ni Gąsior, au bado umelibeba jina la yule mpiga gitaa mliyeachana? Pili, wewe ulizaliwa tarehe tisa Februari, nakumbuka kwa sababu tramu iligoma kwa barafu nikatembea hadi hospitali. Lakini yule karani mlevi alitaka kuandika kumi. Je, mwaka aliupata sawa? Andika kwa herufi kubwa, macho nayo yameanza kudai pensheni.

Usiulize kwa nini. Kuna fomu.

Baba


Dublin, 28 Septemba 2016

Baba,

LUDMIŁA GĄSIOR. Jina la mpiga gitaa nilimrudishia pamoja na gitaa lake. Mwaka ni 1972, karani alijitahidi.

Fomu gani? Kama ni ya pensheni usitie sahihi mpaka niione. Kama kuna mtu amekuja mlangoni na begi na maneno matamu, mfukuze kwa kandambili.

Siku ya Watakatifu Wote nitakuwa kazini tangu asubuhi hadi jioni. Niwashie mshumaa mmoja kwa niaba yangu, na umwambie Mama nimemsalimu.

Ludka


Dublin, 1 Novemba 2016

Baba,

Mimi nimekufa lini? Niambie, maana mwenyewe sina habari!

Nimekupigia simu mara tatu leo. Mara zote umesema "Nani? Nani?" ukakata. Basi naandika, utanisamehe mwandiko.

LUDMIŁA GĄSIOR, 1972, halafu kistari, halafu pengo. Herufi za dhahabu! Chini kabisa ya jina la Mama! Nilikuwa nimepiga magoti naondoa majani ya mti juu ya jiwe. Nikaondoa jani moja nikaona L. Nikadhani ni jina la bibi limechongwa upya. Nikaondoa la pili, la tatu, jina langu zima likanitolea macho. Nilipiga ukelele mpaka mama mmoja wa kaburi la jirani akaangusha ndoo ya maji. Akaja mbio, masikini, akanishika bega, "Dada, pole, ni nani wako?" Nikamwambia, "Ni mimi." Akafanya ishara ya msalaba akaondoka, na ndoo akaiacha.

Najua watu wetu huchonga majina yao wangali hai. Shangazi Kunegunda alichonga lake, akawa analisugua kwa brashi kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, akifurahi kama mtu aliyejenga nyumba. Lakini alichonga LAKE, Baba. Hakuna mtu duniani anayechongewa kaburi bila kuulizwa. Tena na baba yake! Nina miaka arobaini na minne, meno yangu yote ninayo!

Kumbe hiyo ndiyo fomu? Ukaniuliza mwaka wangu, nikakuandikia kwa herufi kubwa kama mjinga anayejichimbia shimo. Hukunipenda nikiwa hai mbele yako, sasa umeona unipange mapema? Nililia njia nzima kwenye ndege. Mtu wa kiti cha pembeni aliniombea maji.

Nataka lifutwe. Wiki hii.

Ludmiła, aliye hai


Kraków, 9 Novemba 2016

Ludka,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Halafu nikakaa. Halafu nikasimama tena nikaenda kunywa maji.

Umeandika kurasa mbili za hasira na hukujisikia unavyojivua nguo. Jiwe lile nimelijua mimi na fundi Pyrek tu. Picha haikupigwa. Ukiwa Dublin hulioni hata upande juu ya mashine zako zote za kufulia. Majani umeyaondoa kwa mkono wako. Ndege umepanda. Ulikuwa hapa!

Njia ya mwongo fupi, wazee walisema, na yako imefika mwisho. "Nitakuwa kazini tangu asubuhi hadi jioni." "Niwashie mshumaa kwa niaba yangu." Nami mshumaa wako nimeuwasha, mzee mzima, nikamwambia Apolonia, "Huu ni wa Ludka, hakupata likizo." Pembeni yake ule wa kioo cha buluu unawaka. Mungu wangu! Nilikuwa natazama mshumaa wako huku nakuombea msamaha kwa mama yako.

Nikateremka kwa Bi Genowefa. Nikamuuliza, "Mama, ile mishumaa ya buluu unanunua wapi?"

Akasema, "Mishumaa gani?"

"Hiyo ninayokupikia keki kila mwaka."

Akaweka sufuria chini. Halafu akasema, "Bwana Walenty, mimi nilidhani keki ni kwa sababu unanipenda."

Basi na aibu hiyo umeniletea. Mama wa watu miaka yote hiyo anakula keki na kusubiri nitamke. Sasa nikikutana naye kwenye ngazi sijui nitazame wapi.

Kutoka makaburini hadi mlango wangu ni vituo kumi na vinne. Dakika ishirini na sita, thelathini mvua ikinyesha. Mimi ndiye niliyeendesha njia ile, hakuna wa kunidanganya. Umekata kilomita elfu moja mia nane na thelathini, ukashindwa kilomita saba. Nimeduwaa, Ludka. Nimefanya kazi na watu wa kila aina, nimemwona mtu akisahau jeneza kwenye tramu, lakini jambo kama hili sijaliona.

Ni mara ngapi? Jibu hilo tu. Kuhusu jiwe sina la kusema. Jiwe ni la ukoo, na mkuu wa ukoo bado ni mimi.

Walenty Gąsior


Dublin, 20 Novemba 2016

Baba,

Mara saba na hii. Kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu, kwa sababu wewe huenda siku yenyewe baada ya chakula cha mchana na hujawahi kubadilisha.

Kila mwaka nawasha mshumaa, halafu napanda tramu hadi kituo chako. Nashuka. Nasimama ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha magazeti, natazama roshani. Mwaka juzi ulikuwa unakung'uta zulia. Ulikuwa umevaa sweta la kijani alilolifuma Mama, limetoboka kiwiko. Nusura niite. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu ukaingia ndani nikapanda tramu nyingine nikarudi.

Unaniuliza kilomita saba zilinishindaje. Kwani umesahau? Wiki ile Mama alipofariki anga la Ulaya nzima lilifungwa kwa majivu ya volkano ya Iceland, ndege zote zikalala chini. Nilikuja kwa meli, kisha basi, kisha meli, kisha mabasi mawili. Nililala sakafuni kwenye kituo nisichokijua jina. Nimefika miguu imevimba viatu haviingii, nimevishika mkononi, na Mama kazikwa juzi yake. Ukafungua mlango. Ukanitazama kuanzia chini hadi juu. Ukasema, "Anayechelewa habebwi." Vile vile ulivyokuwa unawaambia abiria. Na nilipolia ukaongeza, "Asiyekuwepo na lake halipo. Ofisi ya makaburi haikutaka kungoja." Nililala siku mbili kwenye chumba changu cha zamani nikaondoka.

Ofisi sikuilaumu. Hata wewe sikukulaumu. Nilijilaumu mimi, kwamba ningeanza safari saa sita mapema, kabla anga halijafungwa, ningewahi. Saa sita, Baba. Mpaka leo nazihesabu nikikunja mashuka. Ndiyo maana mlango wako siuwezi.

Lakini hilo si lililonifanya niandike. Juzi nilimpigia fundi Pyrek ili alifute jina. Akaniambia, "Dada, nifute nini? Mzee alinifokea siku mbili kwa ajili ya upana wa herufi." Nikamwambia jina ni langu na sijafa. Akacheka kidogo. Akasema, "Kaburi lile limejengwa kwa ndani, lina rafu tatu tu za majeneza. Bibi yako, mama yako, na moja iliyobaki. Nilimuuliza, Mzee, na wewe je? Akaniambia, Mimi nitasimama."

Nilikata simu. Nilikaa chini hapo hapo kwenye rundo la taulo chafu.

Sikujua. Nilidhani umenizika. Kumbe umejitoa! Miaka arobaini na tisa ya ndoa, halafu rafu ya kando ya mke wako unaniandikia mimi? Baba, utalala wapi? Una nini? Unaumwa? Usinijibu kwa ratiba wala kwa mzaha. Nijibu.

Ludka


Kraków, 30 Novemba 2016

Ludka mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Siumwi, kwanza ondoa hofu hiyo. Daktari anasema moyo ni wa kijana. Hajui kitu.

Nilikwambia ofisi ya makaburi haikutaka kungoja. Ni uongo.

Ngoja niliandike lote kabla sijanywea. Ijumaa ile padri alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mama yako, akasema, "Walenty, binti yuko njiani, anga lote limefungwa, kila familia inangoja watu wake. Tusimzike Apolonia mpaka Jumatano. Nimeshazungumza na ofisi, wamekubali." Walikubali, Ludka. Siku nne nzima. Wewe ulifika Jumatatu. Nikamwambia hapana. Jumamosi saa tano asubuhi, kama ilivyopangwa. Akasema, "Ni mama yake." Nikasema, "Anayechelewa habebwi." Aliondoka bila kunywa chai yake.

Nilikuwa na hasira na wewe. Mama yako alipougua alikuwa akiitaja saa ile ya ndege kila siku, saa tatu kasoro dakika tano, saa tatu kasoro dakika tano, kama mtu anayesali rozari. Akisikia lifti anasema, "Ndiye huyo." Ilikuwa jirani. Ilikuwa mleta makaa. Ilikuwa paka wa Genowefa. Alikukataza kwenye simu usijisumbue kuja, akisema ni mafua tu, najua, nilikuwa nimesimama pale nikimsikia akikudanganya. Lakini hasira haitafuti mwenye kosa, inatafuta asiyekuwepo. Nilitaka ufike ukute mlango umefungwa, ili ujue ilivyo.

Ukafika. Viatu mkononi. Nilikuona uso, na pale pale nikajua nimefanya jambo lisilo na mahali pa kugeuzia. Na badala ya kukwambia, nikakwambia neno lile. Halafu nikaisingizia ofisi. Na wewe miaka yote hii unahesabu saa sita ambazo ningekupa kwa neno moja. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilitoka nje roshani bila koti. Sikujua kwamba unazihesabu. Nilidhani umenichukia tu, na chuki niliiona ni haki yangu. Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea mno.

Basi ulipoandika habari za Wioletta, kwamba hutaki udongo usiokujua, nilikwenda kwa Pyrek kesho yake. Nilikunyima mahali pako kando ya mama yako kwa siku moja. Nakupa pangu kwa siku zote. Mimi kuna uwanja mpya wa makaburi nje ya mji, mwisho kabisa wa njia ya tramu. Dereva kulala mwisho wa njia si jambo la ajabu, nimelala huko mara nyingi nikingoja zamu.

Nilitaka ulikute nikishakufa, hapo usingeweza kubishana nami. Nani alijua unakuja kwa siri kama mwizi wa kuku?

Ndani ya bahasha kuna nusu ya mkate mwembamba wa Mkesha wa Noeli, ule tunaomegeana mezani kwa kutakiana heri. Nimeumega mwenyewe. Kila mwaka mezani naweka sahani ya ziada ya mgeni asiyetarajiwa, kama nyumba zote, na Bi Genowefa akipita kunisalimu huniuliza ni ya nani nami humjibu ni ya mgeni. Si kweli. Ni yako. Naweka na uma unaoupenda, ule uliopinda.

Usipojibu, nitaelewa.

Baba


Dublin, 14 Desemba 2016

Baba,

Barua yako imekaa mfukoni siku saba. Niliisomea kwenye chumba cha kufulia, nikaisoma tena, nikaketi sakafuni. Bi Noreen akanikuta. Akaniuliza, "Kuna aliyekufa?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama yangu." Akanifutia zamu hapo hapo kwenye ile karatasi isiyobembelezeka, mpaka mwaka mpya. Sikumwambia ni mwaka gani.

Sijakusamehe. Nakwambia wazi ili usije ukavaa suti ukanipokea kwa maua. Jumatano ile! Nimepiga meza, nimelia, nimevunja kikombe cha mwenzangu, nimemnunulia kingine. Kuna saa nakuchukia na kuna saa nakuona umesimama roshani bila koti. Nitakusamehe nikiwa nimekaa mezani, nakutazama. Kwa barua siwezi, na wewe hustahili kwa barua.

Jina langu liache. Nimelizoea. Lakini mwambie Pyrek kwamba atakayesimama si wewe. Nimeipigia ofisi ya makaburi, ile ile uliyoisingizia, na mama mmoja mpole akanieleza: rafu inachukua jeneza moja, na miguuni pake inabaki nafasi ya chombo kidogo cha majivu. Basi jeneza ni lako, kando ya mke wako. Mimi nikifa nichomwe, niwekwe miguuni penu kwenye mkebe usiozidi wa unga. Najua huyapendi mambo ya kuchoma watu. Utabishana nami ana kwa ana. Majivu yalinizuia kuja mara ile, safari hii yatanipisha. Mwambie Pyrek aongeze jina lako juu ya langu, na usimfokee kuhusu herufi.

Nusu ya mkate ilifika imevunjika vipande tisa. Nimevifunga kwenye leso, navirudisha vyote.

Tarehe ishirini na tatu naondoka hapa saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, natua saa nane na dakika ishirini mchana. Usije uwanjani, utateleza. Kaa nyumbani, mlango uuache wazi, na ukisikia lifti usipige kelele "Nani?"

Mwalike Bi Genowefa Mkesha. Anaistahili supu baada ya keki zote zile, na mengine mtazungumza wenyewe.

Sahani ya mgeni iweke, kama kila mwaka. Ila hiyo si yangu. Mimi niwekee yangu.

Ludka